Watu sita kwenye kikanyagio cha Landrova yangu

Watu sita wamepanda kikanyagio cha mtu mmoja, na kazi ya kiwanda nimeikosa hivyo hivyo.

Jana fundi wa Nyakato alinifungia chuma cha kuvutia tela nyuma ya Landrova, na kikanyagio akakichomelea hapo hapo. Leo kiwanda cha samaki kilikuwa kinanijaribu: nifikishe sangara salama, nipewe kazi ya kila siku.

Tela limejaa, nawasha gari. Vijana wa kupakia wakarukia nyuma wote. Si mnawajua? Gari haliondoki hapa soko la samaki la Mwaloni bila wao kuning'inia.

"Shukeni!"

"Mama, si umetuwekea mwenyewe?"

Kilo sabini mara sita. Chuma kikapinda, tela likachomoka, likachomeka pua kwenye matope.

Mnunuzi wa kiwanda hata hakufoka. "Pole, Mama Neema. Samaki hawasubiri." Akaita lori la mtu mwingine.

Wale wale sita wakahamisha samaki, wakaning'inia nyuma ya lori. Mmoja akanipungia mkono.

Sina hata hasira. Ninyi mngewafanyaje?

Nimekaa juu ya hicho kikanyagio sasa. Mimi peke yangu kinanibeba vizuri tu.