Mashine Niliyoitolea Ushahidi

Katika ofisi yetu ya mizigo, ghorofa ya tatu, upande ule wa Liuhua, mtaa wa mji wa Kichina ambako kila jengo la pili ni soko la jumla la viatu au nguo, kulikuwa na siri moja tu iliyostahili kuitwa siri. Haikuwa bei, kwa maana kila mtu aliidanganya bei na kila mtu alijua kwamba imedanganywa. Siri ilikuwa namba ya duka. Mfanyabiashara angeweza kukusimulia ugonjwa wa mkewe na talaka aliyowaficha ndugu zake, lakini ukimuuliza ndala zile amezipata duka lipi, angegeuka kutazama dirishani. Mtu huzunguka masoko yale miaka miwili mpaka ampate fundi asiyembadilishia soli. Akimpata, humficha.

Sisi tulizijua namba hizo, kwa sababu watu wetu hawawezi kwenda kuchukua mzigo dukani bila kuambiwa duka. Ziliandikwa kwenye mstari mmoja chini ya kila mzigo, mstari wa maelezo, ndani ya tovuti niliyoiunda mwenyewe. Mteja aliingiza neno lake la siri kwenye simu, akaona kama mzigo umefika ghalani, umepakiwa kwenye kontena, umefika bandari ya Nansha au umekwishaondoka. Chini yake aliona maelezo yake mwenyewe, nayo hakupaswa kuyaona mteja mwingine yeyote.

Niliiandika kwa Perl, lugha ya zamani ya kompyuta. Vijana wa leo huicheka lugha hiyo, nami huwacheka vijana. Nilijifunza nikiwa mwanafunzi wa ufadhili katika mji huu huu, na kwa miaka mingi programu zangu zilikwenda kwa mtindo wa zamani: mteja akifungua ukurasa, programu inazaliwa, inamjibu, inakufa. Mteja anayefuata hupata programu mpya isiyojua lolote juu ya aliyemtangulia. Kisha nikahamishia kazi yote kwenye kiunzi, yaani mifupa ya tovuti iliyokwisha kuundwa na wengine, ambayo mwandishi wa programu huivika nyama yake. Ndani ya kiunzi programu haifi. Inakaa macho na kuwahudumia wateja mmoja baada ya mwingine, na mimi niliiagiza ijizime ikikosa mteja kwa dakika kumi, ili isiilemee seva yetu ndogo. Msimbo wangu wa zamani, yaani maagizo ya programu, niliunakili ukurasa kwa ukurasa, nikamwambia mwenye ofisi kwamba haukuhitaji kubadilishwa hata nukta. Nililisema hilo zaidi ya mara moja, na mbele ya watu.

Aliyeandika maelezo ya mizigo alikuwa karani wetu, mwanamke wa Bukavu, rika langu, aliyekuja kusoma, akahitimu, akabaki. Kibali chake cha kukaa kilitegemea mkataba wake na ofisi, kama changu. Kibali cha binti yake kilitegemea chake, na binti alikuwa amebakiza muhula mmoja kumaliza sekondari. Aliniita mwalimu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha kuitumia tovuti. Nilimfundisha kwa ukali, nikiamini kwamba ukali ni namna ya kumheshimu mtu. Siku moja aliweka nukta mahali pa mkato kwenye uzito wa mizigo. Niliifuta kazi yake ya asubuhi nzima, wateja wakitazama, nikamwambia aanze upya.

"Sawa, mwalimu," akasema, akaanza upya.

Nilipenda jinsi alivyosema sawa.

Malalamiko ya kwanza yaliletwa na Mkenya mmoja anayesafirisha viatu vya shule. Aliweka viatu viwili juu ya kaunta, mbele ya mwenye ofisi, mtu wa Tanga mwenye sauti ya taratibu.

"Cheki hivi. Cha kulia ni changu. Cha kushoto ni cha yule jamaa wa Lubumbashi, mteja wenu. Soli moja, bizimu moja, hadi huu mshono wa kando, na mshono huu niliuchora mimi na biro yangu!"

"Huenda fundi ndiye aliyekuuza, ndugu yangu."

"Fundi nimekaa naye miaka minne. Ameniambia jamaa alimtokea Jumamosi asubuhi, namba ya duka mkononi. Hapa ndipo pamevuja, buda. Nyinyi mna mdomo."

Katika wiki tatu wakaja wengine wawili, mmoja wa mikoba, mwingine wa pazia. Mafundi wao nao walifikiwa na mgeni Jumamosi asubuhi. Mwenye ofisi akaniomba nichunguze, kwa sababu, alisema, mimi ni mtu wa haki na nisiyeonea.

Sikufungua msimbo hata mara moja. Uchunguzi wangu wote niliufanya kwa kalenda. Kama mgeni amefika dukani Jumamosi asubuhi, siri imetoka Ijumaa. Na Ijumaa mchana wanaume wote wa ofisi yetu, pamoja na wateja wetu wengi, huenda msikitini, na ufunguo unabaki kwa karani, ambaye ni Mkristo. Nilichora jedwali safi: tarehe, duka, jina la aliyebaki ofisini. Safu ya tatu ilikuwa na jina moja tu. Nilipolitazama jedwali lile nilihisi raha ambayo mpaka leo naweza kuionja.

Tulimwita chumbani kwa mwenye ofisi.

"Ijumaa," nikasema. "Mara zote tatu. Ijumaa mchana nani hubaki humu na mafaili yote wazi?"

Hakunijibu mimi. Alimgeukia mwenye ofisi. "Patron, mimi sikuambia mutu."

"Aliyefaidika ni mtu wa kwenu, mama."

"Wa kwetu? Lubumbashi na Bukavu, Patron? Hata ndege inachoka katikati."

Hakuna aliyecheka. Ndipo aliponitazama. "Mwalimu, tazama mashine. Ile Ijumaa ya pili, huyo wa Lubumbashi alikuwa amekaa pale kwenye kiti, anawangoja. Akatazama simu yake, akacheka peke yake, akaandika kitu kwenye kiganja. Mimi sikufungua kinywa. Naomba utazame mashine."

"Mashine haina ndugu Lubumbashi," nikasema.

Hapo mwenye ofisi akacheka, nami nikafurahi kwamba amecheka.

Aliomba aachwe mpaka muhula wa binti uishe. Hakuomba kusamehewa, aliomba muda. Mwenye ofisi alisita, akanigeukia, na naamini kwamba kama ningeinamisha kichwa kukubali angempa. Badala yake nilimweleza yule mama, kwa sentensi zilizopangwa vizuri, kwamba amana haigawanyiki, kwamba aliyeivunja kidogo ameivunja yote, na kwamba binti yake atafundishika zaidi kwa kuona matokeo ya kosa kuliko kwa cheti chochote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na kalamu ya ofisi mkononi, akaiweka mezani, akaisogeza ikalingana na ukingo wa karatasi, kama nilivyozoea kumtaka apange meza. Mkataba ungefutwa mwisho wa mwezi, siku kumi na mbili mbele, na kibali pamoja nao; mpaka hapo asije kazini. Mwenye ofisi aliwapigia simu wale wateja watatu siku ile ile, akawaambia kwamba mdomo umepatikana na umezibwa.

Ijumaa iliyofuata tulifunga ofisi kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia. Niliporudi kutoka msikitini nilimkuta yule mfanyabiashara wa Lubumbashi amekaa kwenye ngazi, mtu mnene, mwenye mzaha, suruali imepigwa pasi kama ya harusi.

"Papa ingénieur! Mumefunga mulango, lakini kazi inaendelea." Akaniinulia simu. "Ijumaa ni siku ya baraka kwenu, kweli. Unafungua page yako, unapata duka ya mwenzako."

Niliichukua simu. Ulikuwa ukurasa wake, na mzigo ulikuwa wake, miavuli katoni arobaini. Chini, kwenye mstari wa maelezo, palikuwa na duka la vitambaa, ghorofa, namba, na maneno *muulize mama mwenye miwani*. Niliyajua maneno hayo. Yalikuwa ya mteja wetu mwingine, aliyekuwa amesali safu moja nami nusu saa kabla.

"Nani amekupa hii?"

"Nani anipe? Page yenu! Mi nilizani ni publicité, tangazo, mnatusaidia."

"Si karani wetu aliyekuambia?"

"Yule maman?" Alicheka mpaka mkono ukashika ukuta. "Yule ananipa bonjour, halafu anafunga duka. Hata mvua ikinyesha hakuambii."

Nilifungua mlango, nikakaa, nikafungua msimbo. Haikuchukua dakika tano. Juu kabisa ya faili, nje ya kila kitendo cha kumhudumia mteja, mkono wangu ulikuwa umetangaza kijisanduku cha kumbukumbu cha kushika maelezo. Chini yake palikuwa na mstari ulioagiza: mzigo ukiwa na maelezo, yaweke sandukuni. Hapakuwa na agizo lolote kwa mzigo usio na maelezo. Katika mtindo wa zamani upungufu huo haukumdhuru mtu, kwa kuwa programu ilikufa na sanduku likafa nayo. Ndani ya kiunzi programu iliendelea kuishi, na sanduku likabaki na siri ya mteja aliyepita, likampa wa nyuma yake ikiwa mstari wake ni mtupu. Siku nyingine wateja walipishana kwa saa nzima na ule usingizi wa dakika kumi ulifuta kila kitu. Ijumaa, watu hutoa simu zao mlangoni pa msikiti hata kabla viatu havijaingia vizuri miguuni, huku Wakristo wanaotungoja ofisini wakifungua zao dakika ile ile.

Tena mistari mitupu ilikuwa ya nani? Ya mtu wa Lubumbashi na wachache kama yeye, wasiotuamini, ambao waliichukua mizigo dukani wenyewe badala ya kutuandikia namba. Waliotuamini ndio walioibiwa.

Niliingia kwa jina la Mkenya wa viatu, kisha kwa jina la mtu wa miavuli. Duka la viatu likaja chini ya miavuli. Nilirudia, likaja tena.

Mwenye ofisi alinisikiliza bila kunikatiza.

"Umeshatengeneza?" akauliza.

"Bado."

"Tengeneza. Halafu?"

"Halafu yule mama. Kumebaki siku tano."

Alivua kofia, akaikunja vizuri juu ya goti. "Sheikh, wateja wameambiwa ni mtu, na mtu ameondoka. Mtu anaondoka, ofisi inabaki. Ukiwaambia ni mashine, wote waliowahi kuandika namba ya duka humu watajiuliza imekwenda kwa nani. Kesho watakuwa kwa wakala mwingine."

"Lakini hakufanya."

"Mimi sikujua. Wewe ndiye uliyeniambia amefanya." Akaivaa tena kofia. "Ukitaka, nenda wewe ukawaambie. Mmoja mmoja. Waambie ni ule msimbo usiohitaji kubadilishwa hata nukta."

Msomaji asinitafutie udhuru hapa. Kibali changu kilikuwa kwenye droo moja na cha yule mama, na ningeweza kusema niliogopa kukipoteza, lakini sikukifikiria hata kidogo. Nilimfikiria Mkenya akicheka, na yule wa Lubumbashi akishika ukuta, na wateja wote niliowahi kuwasahihishia Kiswahili chao mbele ya wenzao wakiniita kwa jina jipya. Nilipima kicheko hicho dhidi ya muhula wa msichana, na nikachagua.

Nilirudi mezani. Nilikitoa kijisanduku juu ya faili nikakiweka ndani ya kitendo, mistari sita chini, mahali kinapozaliwa upya kwa kila mteja. Kila badiliko katika kazi yetu huandikiwa neno la kulieleza, ili anayekuja nyuma ajue kilichofanyika. Niliandika: *Usafi mdogo wa msimbo.*

Jumatano mama alikuja kurudisha ufunguo na kuchukua karatasi zake. Alikuwa amevaa nguo za kazi, kana kwamba angeweza kuambiwa akae. Mwenye ofisi alitoka kabla hajafika. Nilimpa bahasha, akahesabu kurasa, akatia sahihi nilipomwonyesha.

"Tumepata tikiti ya Jumapili," akasema. "Binti anasema atafanya mtihani nyumbani, mwaka ujao, kama shule itakubali karatasi za Kichina." Akaufunga mkoba, akaufungua tena. "Mwalimu. Ulitazama mashine?"

"Niliitazama."

"Yote?"

"Yote."

"Na haikuwa na kosa."

"Haikuwa na kosa."

Alitikisa kichwa polepole, akitazama dawati lake, kiti, kalenda ukutani. Nilidhani atalia, nami nilikuwa tayari kumdharau kwa hilo. Hakulia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau.

"Kwa sababu wewe ukitazama, unaona," akasema. "Basi ni mimi. Nimefikiri usiku na mchana. Kuna Ijumaa moja nilienda kuchota maji ya moto, nikaacha kompyuta wazi. Labda alisoma pale. Labda ni mimi, mwalimu, na sikujua?"

Aliningoja. Tulikuwa wawili tu.

"Labda," nikasema.

"Sawa, mwalimu," akasema, na akauweka ufunguo mezani, umelingana na ukingo.