Mtakatifu Glikeria wa Gusevka, Mkunga Aliyejibu Mara Mbili

Alizaliwa tarehe 13 Mei 1889 katika kijiji cha Gusevka, kando ya mto Medveditsa, na kwa kuwa siku hiyo Kanisa humkumbuka shahidi Glikeria, padre hakuhangaika kutafuta jina lingine. Baba yake, Savva Poltoranin, alitengeneza mapipa. Mama yake alikuwa mkunga, akamrithisha binti kazi hiyo tangu alipotimiza miaka kumi na minne. Hakuna aliyeona kwake dalili yoyote ya utakatifu. Tunasoma habari za watakatifu waliokataa ziwa siku za mfungo wakiwa bado wachanga. Huyu alinyonya kila siku, Ijumaa ikiwemo. Alikua mwanamke wa mikono yenye nguvu na maneno machache, mkali kwa wanaume waliokuja kumwita wakiwa wamelewa. Aliolewa na Trifon, mwashi, akamzalia watoto wanne. Trifon alikufa kwa homa ya chawa mwaka 1922, na mjane akawalea watoto peke yake.

Mwaka 1933 serikali ilizoa nafaka yote, hata ya mbegu, na Gusevka ikafa njaa. Kati ya Februari na Aprili Glikeria aliwazika watoto watatu, Stepan, Lukerya na Yegor, na aliwaosha mwenyewe. Alibaki na kitindamimba, Anfisa. Siku aliyomwosha Yegor alisimama mbele ya ikona, picha takatifu ya nyumbani, kusema sala ya marehemu, akaona hana wa kumwambia. Ilikuwa kama kupiga hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe amehama. Hakukufuru, wala hakuishusha ikona ukutani. Aliacha kusali tu, na hakumwambia mtu.

Miaka miwili baadaye padre wa kijiji, Vikenty, alichukuliwa na polisi, na kanisa likageuzwa ghala la shamba la ushirika. Wanawake waliojifungua wakaanza kumwomba mkunga awabatizie watoto. Kanisa linamruhusu Mkristo yeyote kubatiza pale mtoto anapokuwa hatarini na padre hayupo, na miaka ile hapakuwa na mtoto wa Gusevka asiyekuwa hatarini. Glikeria hakukataa. Maji yapo, mtoto yupo, maneno anayajua. Kuliko mama alie, heri afanye. Aliwamiminia maji mara tatu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akawapa majina, akawarudisha kwa mama zao. Hadi mwisho wa mwaka 1936 walikuwa wamefika arobaini na mmoja.

Ndipo ikaja sensa. Makarani walipita mara mbili: kwanza siku za mwisho za Desemba kuandika, kisha tarehe 6 Januari 1937 kuhakiki. Fomu iliuliza umri, kazi, elimu, na kwa kila aliyezidi miaka kumi na sita iliuliza pia kama anamwamini Mungu au hamwamini. Kijiji kizima kilikosa raha. Wengine walisema wanaoamini watapigwa mihuri mwilini na kupelekwa kaskazini. Wengine walisema wakijiandika wengi, kanisa litafunguliwa. Karani wa Gusevka alikuwa mwalimu Zoya Kornilova, msichana wa miaka ishirini ambaye Glikeria mwenyewe alimpokea alipozaliwa.

"Haya shangazi, unaamini au huamini?"

"Katikati hakuna?"

"Hakuna. Ni mawili tu, na usinicheleweshe, nina nyumba kumi zimebaki."

Glikeria alimfikiria Anfisa, aliyekuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi huko Saratov. Lakini zaidi alifikiri kwamba hajawahi kumdanganya mtu katika nyumba hii. "Andika siamini," alisema. "Mimi si mwongo." Zoya aliandika kwa furaha, akamaliza chai yake, akaondoka.

Fomu zilipaswa kuwa siri, lakini siri gani katika kijiji cha nyumba tisini. Kesho yake habari ilikuwa kisimani. Kesho kutwa akaja Dunya Ryabova, ambaye mwanawe Mitya alikufa mwezi Novemba akiwa na wiki tatu. Alisimama mlangoni, theluji ikimyeyukia miguuni.

"Wanasema umeandikwa huamini."

"Nimeandikwa."

"Sasa mwanangu ulimfanya nini, shangazi? Ulimwogesha tu?"

Glikeria alimsogezea benchi.

"Mimi sikuulizi ya kwako," Dunya alisema. "Ya kwako utajua mwenyewe. Mimi nakuuliza ya Mitya."

Baada yake walikuja wengine wawili. Mmoja aliuliza kama mtoto wake anaweza kubatizwa upya, na nani ambatize. Mwingine alikaa tu kwenye benchi akimpakata mwanawe, kisha akaondoka. Zile siku za kungoja uhakiki zilikuwa nzito kwa Glikeria kuliko za mazishi. Kujilazimisha kuamini hakuweza, kama vile mkunga asivyoweza kulazimisha maziwa katika ziwa lililokauka. Lakini aliona sasa kwamba jibu alilodhani ni lake peke yake lilikuwa limewagusa watoto arobaini na mmoja, na saba kati yao walikuwa tayari chini ya ardhi. Upande wa pili alikuwepo Anfisa, mtoto pekee aliyebaki, ambaye chuo kingemfukuza mara tu kikijua mama yake ni nani.

Tarehe 6 Januari, mkesha wa Krismasi kwa kalenda ya kale ya Kanisa, Zoya alimkuta akichemsha ngano ya mfungo. Glikeria alimwambia afungue ile fomu, mahali pa dini, akate kilichoandikwa.

"Shangazi, acha mambo haya. Anfisa je?"

"Anfisa ana mikono. Kata."

"Kwa hiyo wiki iliyopita ulikuwa huamini, leo unaamini?"

"Kama yupo au hayupo, sijui. Lakini wale watoto nimemkabidhi, na sitamnyang'anya tena. Andika naamini."

Zoya alikata kwa wino, akaandika juu yake. Machozi yalimtoka, kwa sababu alikuwa na akili na alijua anachokiandika. Jioni ile wanawake tisa walioogopa hapo awali walibadilisha majibu yao, Dunya akiwa wa kwanza.

Agosti mwaka huohuo polisi walimchukua Glikeria, na juma hilohilo Anfisa akafukuzwa chuoni. Mpelelezi hakuwa mtu katili, alikuwa mtu aliyechoka. Alikuwa na ile fomu mezani. Alimwambia njia ni rahisi: atie sahihi kwamba hakuamini kamwe, na kwamba ule ubatizo ulikuwa udanganyifu tu wa kujipatia mayai ya malipo kutoka kwa wazazi, kisha arudi nyumbani, na binti arudishwe chuoni. Hili ndilo lililokuwa jaribu lake kubwa, kwa maana nusu ya karatasi ile ilikuwa kweli. Walimsimamisha siku sita bila usingizi. Siku ya saba alijibu: "Nilijibu mara mbili. La pili ndilo langu." Alipewa miaka kumi.

Habari za mwisho wake tunazo kutoka kwa Milda Ozola, Mlatvia, mwanachama wa chama cha kikomunisti aliyefungwa naye katika kambi ya kukata miti. Katika kambi ile wafungwa walizaa, na watoto walikufa upesi. Glikeria aliwabatiza kwa theluji iliyoyeyushwa katika bakuli la bati. Asubuhi moja ya Februari 1939 kichanga kilichokuwa bluu, kisichopumua, kilikuwa kimeshalazwa pembeni pamoja na waliokufa. Glikeria alimmiminia maji, bila kutazamia lolote, na mtoto akalia. "Ni ubaridi wa maji," Milda alimwambia. "Huenda," Glikeria alijibu, akamfunga mtoto kitambaa. Yeye mwenyewe alikufa kwa kuhara tarehe 2 Machi, na akazikwa shimoni pamoja na wengine, bila msalaba wala namba. Milda alieleza haya akiwa mzee, akaongeza kwamba yeye hata leo haamini Mungu, lakini hajapata kumwona mtu mwingine aliyeshika neno lake namna ile.

Tume ya Kanisa ilipochunguza habari zake mwaka 1995, wapo waliosema hafai, maana kalamu ya sensa ilimwandika asiyeamini, na hakuna shahidi aliyemsikia akisema kwamba imani imemrudia. Walimwendea Anfisa, aliyekuwa amefyatua matofali miaka thelathini, wakamuuliza kama mama yake aliamini. "Muulizeni Mungu wenu," alisema. "Mimi ninachojua, alichagua watoto wa wenzake. Nilimkasirikia, na bado." Askofu alisoma jibu hilo mara mbili, kisha akaweka sahihi jina la Glikeria liandikwe miongoni mwa mashahidi.

Leo wanaomjia kwa sala si wale wenye imani ya kuhamisha milima. Ni mama aliyezika, ni mtu anayesimama mbele ya ikona na kukuta kimya. Hawaahidiwi kwamba kimya kitaisha. Kwa Glikeria hatujui kama kiliisha. Atakaye kumwiga asikae akisubiri moyo utulie kwanza. Atazame ni nani anayelitegemea jibu lake, alitoe, na asilirudishe.