Sahani Tatu Zilizofunikwa

Mimi ndiye yule kijana wa Garsen anayejirekodi akila hotelini na kuvipa vyakula alama mtandaoni. Ijumaa iliyopita nilimpigia simu Mama Hawa, mwenye hoteli karibu na steji, nikamwambia naja kuonja mapishi yake.

Nilipofika mchana, hotelini hamkuwa na mteja hata mmoja, lakini meza ya katikati ilikuwa na sahani tatu zimefunikwa vizuri. Kichwa kikanivimba. Kumbe mimi ni mtu mkubwa hivi! Nikaingia laivu, nikafunua zote, nikaonja moja moja. Pilau ya mbuzi nikaipa tisa. Kambare wa nazi, nane. Wali wa maharagwe nikaukunjia uso.

"Huu ni mbili, tena kwa huruma."

Watazamaji wakaandika, "Geuka nyuma!" Nikadhani ni mzaha.

Mama Hawa akatoka jikoni, akashika kichwa. "Wee! Hivyo ni vya watu! Waliagiza, wakaenda kuswali kwanza!"

Nikageuka. Wazee watatu walikuwa wamesimama mlangoni, washanawa mikono tayari kula. Mmoja, aliyeagiza ule wali, aliutazama, akaniuliza kwa upole:

"Na hiyo mbili, mwanangu, nimekukosea nini?"