Mboga ya Pwani ya Mama, Horini Qurum

Ilikuwa mwanzo wa Oktoba, 1966, kama sikosei. Joto limeanza kulegea na alfajiri umande unadondoka makutini. Sisi watoto wa enzi zile, tuliotoka Unguja na mabunda yetu, tulikuwa tumepokewa na Shangazi Zuwena, huko nchi ya Waarabu, karibu na hori la Qurum, mkono wa bahari uingiao bara. Shangazi alipata kukaa Unguja zamani na Kiswahili akikijua, kwa hivyo masimango yake tuliyafahamu vizuri: "Wazanzibari kazi yenu kula na kusimulia." Mama akiyameza. Kula cha wifi yake bila kuchangia kulimuuma.

Asubuhi ile akatutembeza horini. Ndege wa msimu wa baridi washaanza kuwasili: heroe kwa mguu mmoja, vitwitwi mbio topeni kama waliochelewa chuoni. Mama kila kitu akikipa jina la kwetu. "Yangeyange yule, namjua!" Siapi kama alimjua; ndege mwenyewe hakukataa.

Chini ya mikoko akaona majani manene yanatambaa, mashina mekundu. Akapiga magoti.

"Mboga ya pwani! Leo wifi yangu atakula cha mkono wangu."

Mboga ile huchemshwa, maji yakamwagwa, ikachemshwa tena, ndipo tui. Lakini Shangazi maji aliyateka mbali, na jana yake alimgombeza Mama kwa kusuuza kikombe mara mbili. Mama, kwa adabu, hakumwaga hata tone. Chumvi yote ya hori ikabaki sufuriani, juu yake tui la nazi yetu ya mwisho.

Vijana wa leo wanazunguka Qurum na viatu vya bei, wakiona jani wanaiuliza simu. Nnawacheka, ingawa, kwa haki, simu haijapata kunilisha bahari. Ila nani kati yao atapiga magoti topeni ili asisimangwe? Labda wapo. Siwajui wote.

Jioni tulikula wali, papa mkavu, na mboga ile. Baba alikohoa, akausifu wali. Shangazi alitia tonge, akamtazama Mama, ambaye hakuwa akila, anamwangalia yeye tu. Shangazi akatia la pili. Akamaliza upande wake wa sinia.

"Siku nyengine maji mwaga, wifi yangu," akasema. "Kisima cha Mungu."

Akajisogezea na fungu la mboga la Baba.