Perihan na Mayai Yasiyotaka Chai

Saa mbili asubuhi, theluji ya Aprili bado imeng'ang'ania mapaa ya kijiji hiki cha mkoa wa Kars, mashariki mwa Uturuki, na Perihan Aktas anafungua friji lake. Ndani hamna maziwa wala jibini. Friji lilikufa zamani, akaligeuza mashine ya kuangulia: mna taa, feni ndogo, trei la maji na mayai ya bata bukini, yake na ya majirani.

Anachukua moja, analimulika kwa tochi, kisha anachora mstari wa penseli pale nafasi ya hewa inapoishia.

"Nafasi ni ndogo mno," anasema. "Hili bado limeshiba maji." Anapunguza maji ya trei.

Bata ni ndege wa maji, mbona yai lake liogope maji? Perihan, mwenye umri wa miaka 52, anacheka.

"Yai hupumua, ndugu yangu. Lazima litoe jasho kidogo kidogo ili hewa ipate nafasi. Lisipokauka, kifaranga hukosa pa kuvuta pumzi. Anazama humo humo ndani ya ganda."

Hayo ameyajua kwa uchungu. Mwaka jana alifiwa na baba mkwe, na huku mfiwa hamwachi mtu aondoke bila chai. Wiki nzima birika lilichemka juu ya jiko, katika chumba kile kile chenye mayai. Madirisha yakatiririka maji, na hakuna aliyewaza kwamba mvuke huo unayafikia mayai.

Siku ya kuangua ikapita kimya. Walipopasua mayai, vifaranga walikuwa wamekamilika hadi kucha, wamelowa chapachapa, wamekufa.

Jirani yake Zohre alikuwa ameleta mayai yake yote. Majira ya baridi yalimkuta hana nyama ya bata ya kukausha, wala manyoya ya mito ya binti yake anayeolewa.

"Hakunigombeza," anasema Perihan. "Alikusanya maganda kwenye aproni, akaenda zake. Heri angenitukana!"

Mwaka huu birika lilihamishiwa ukumbini, kwenye baridi. Mumewe, Kenan, hafichi kinyongo chake.

"Mwanamume mzima nakunywa chai nimevaa koti, mayai yamestarehe kwenye joto! Nitage na mimi?"

"Ukitaga nitakumulika," mkewe anamjibu.

Lakini siku kadhaa baadaye mambo yamegeuka. Mayai yamekaribia kuanguliwa, na sasa utando wa ndani ukikauka utamganda kifaranga asiweze kutoka. Unyevu uliokuwa adui ndio unaotafutwa. Perihan anajaza trei, anarudisha birika juu ya jiko, kando ya mayai, kisha anatoa kichwa dirishani.

"Njooni, jamani! Leo chai ni dawa!"

Kenan ndiye wa kwanza kukaa. Zohre anafika wa mwisho, anasimama mlangoni. Safari hii alileta nusu tu ya mayai yake; mengine amemwachia bata wake ayaatamie.

Perihan anamwekea yai moja sikioni. Zohre anaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa.

"Anagonga," ananong'ona. Kisha kwa sauti: "Dada Perihan, anagonga huyu!"

Kwa desturi, Perihan huchukua kifaranga mmoja katika kila watano anaowaangulia majirani. Kwa Zohre, mwaka huu hachukui hata mmoja.

"Ninachotaka mimi ni kimoja," anasema, akifuta macho bila kujificha. "Mwakani alete mayai yote. Asimwachie bata hata moja kwa kuniogopa."