Bafle ya Katikati ya Yaya Symphorien

Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, Symphorien, alizaliwa hapa Likasi. Baba yetu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba, na yaya naye alifunga nyaya za umeme kiwandani miaka ishirini na minane. Mungu alimwita mwezi wa sita. Presha ilimwangusha asubuhi, na saa sita hatukuwa naye tena. Ninaandika ili wajukuu wajue babu yao alikuwa mtu wa namna gani.

Alipostaafu, alinunua kwa mtu mmoja wa Kambove aliyekuwa anahama, mashine ya kutazamia sinema nyumbani: ampli kubwa nyeusi ya kukuza sauti, na bafle, yaani visanduku vya sauti, tano ndogo na moja nene ya mngurumo. Ndani ya katoni mlikuwa na mchoro. Mtu ameketi katikati, bafle zimemzunguka, kila moja mita sita kutoka kwake.

Sebule yake yote ilikuwa mita tatu.

Mkewe Mathilde alimwambia azisogeze karibu tu. Yaya alikataa. Kiwandani, mtu aliyehamisha waya nje ya mchoro alifukuzwa.

"Mama, mchoro haikosee," alisema. "Nyumba njo ilikosea."

Basi alitoka na mita yake uani, tunapokaa familia nne. Bafle ya mbele kushoto aliifunga juu ya jiko la nje, ya kulia kwenye ukuta wa bafu. Mbili za nyuma ziliangukia nyumba ya jirani yetu Simone. Ile nene aliiweka chini ya banda la kuku, na kuku wakahamia kulala juu ya paa.

Ikabaki ya katikati. Mchoro ulitaka iwe mbele kabisa, mkabala na kiti chake. Mkabala na kiti chake, ng'ambo ya ua, palikuwa na dirisha la jirani yetu mwingine, Tshimanga.

Yaya na Tshimanga walikuwa hawasemeshani kwa miaka miwili. Siku ya ubatizo mmoja, yaya alipomaliza kufunga muziki, Tshimanga alisema mbele ya watu, "Symphorien, kazi yako yote, kunabakiaka waya moja mu mukono." Watu walicheka, na kweli yaya alikuwa na waya mmoja mkononi. Tangu siku hiyo, padri akisema tupeane amani, mmoja aligeukia kushoto na mwingine kulia. Mimi dada yake nilisali novena tatu kwa ajili yao.

Lakini mchoro ni mchoro. Yaya alimtuma Mathilde apeleke bafle. Tshimanga aliitazama, akautazama waya mrefu nyuma yake, akaipokea. Kukataa kungemlazimisha aende kusema na yaya.

Kuanzia hapo, kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa, umeme ukiwepo, ua wote ulisikiliza sinema, kila nyumba kipande chake. Simone alipata mvua na farasi. Mara ngapi alikimbia kuanua nguo kwa mvua ya sinema.

"Yaya, farasi zimepita tena kwangu," alimwambia, "toka mlangoni mpaka ku kitanda. Zinaendaka wapi?"

"Zinaendaka ku jiko," yaya alimjibu, bila kucheka.

Tshimanga alipata maneno, kwa sababu sauti za watu hutokea katika bafle ya katikati. Alijua kwa nini watu wanapigana, hakujua nani ameanguka. Jioni alimuuliza Simone bombani, na Simone alimwambia nani alikimbia.

Hivyo ilikwenda miaka minne, hadi kifo.

Siku ya arobaini, Mathilde aliomba kitu kimoja tu: asikie tena sauti ya mume wake. Ilikuwa katika diski ya yubile ya ndoa yao, yaya amesimama kumshukuru Mungu. Tulimwita Cédrick, fundi wa sokoni, aunganishe diski na ampli. Alichomeka waya wa njano wa picha, kisha nyekundu na nyeupe za sauti. Tulijibana sebuleni na nguo za matanga.

Yaya alitokea. Alifungua kinywa. Hatukusikia neno. Kutoka jikoni mtu alikohoa, na kwa Simone watu walipiga makofi.

Mathilde alifunika uso kwa kitambaa.

"Rudisha," nilisema.

Cédrick alirudisha mwanzo, mara ya pili, mara ya tatu. Kinywa kilifunguka bure. Ndipo alipokuna kichwa.

"Sauti ya muntu inatokaka mu ya katikati. Ile iko wapi?"

Ilikuwa dirishani kwa Tshimanga. Naye hakuja matangani hata siku moja. Tulivuka ua, Mathilde mbele, mimi nyuma nikishika rozari na maneno makali niliyokuwa nimeyatayarisha. Cédrick alibaki, akarudisha mara ya nne. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini tulisikia.

"Moja, mbili," ilisema sauti ya yaya kutoka kwenye diski, akigonga mikro, yaani kipaza sauti. "Moja, mbili. Unasikia?"

"Nasikia," alijibu Tshimanga.

Mathilde alisukuma mlango. Tshimanga alikuwa ameketi mbele ya bafle, amevaa koti la misa.

"Leo ananiuliza mara ine," alisema. "Zamani ilikuwa mara moja tu, kila siku ya Mungu, mbele ya sinema. Na miye nilikuwa namujibu."

"Alikuwa anakusikia?" niliuliza.

"Bafle haina masikio, mama."

Mathilde alikaa chini polepole. "Nilikuwa pembeni yake," alisema. "Akiisha kuuliza mu mikro yake, alikuwa anangoja kidogo, anaangalia ku dirisha yako. Halafu anasema bon, basi, njo anatia sinema."

Tshimanga alisimama, akaleta viti vyote alivyokuwa navyo, viwili, na ndoo akaigeuza.

Nilimpigia Cédrick kelele arudishe mwanzo. Ng'ambo, picha ya yaya ilicheza peke yake sebuleni. Sisi tulikaa tukitazama kisanduku.

"Moja, mbili. Unasikia?"

Tulijibu wote.