Ng'ombe Niliyempata kwa Kunyamaza

Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa mdomo. Niliandika makala pia, ambazo mke wangu Josiane alizisoma amekunja uso kama anayesoma bili ya umeme, lakini hapa Kigali watu walinijua kwa kuongea. Kwetu, siku ya kuposa, wazazi hawasemi. Kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao hukaa kwenye mahema mawili yanayotazamana, wakipambana kwa maneno mbele ya wageni. Upande wa mvulana hubembeleza. Upande wa msichana hujifanya haujui hata wageni wamefuata nini, huwatafutia makosa, huwachelewesha, na mwishowe hukubali ng'ombe na kumtoa binti aliyefichwa ndani. Mimi nilikuwa msemaji wa upande wa kukataa. Kuna ukoo mmoja wa Masaka niliuweka juani mpaka keki ikaanza kuinama.

Shughuli niliyoingojea kuliko zote ni ya Uwase. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu Emmanuel, tumemlea tangu anatambaa. Nilimwahidi akiwa shule ya msingi kwamba siku yake ikifika nitawatesa wakwe zake mpaka wajute kuzaa mvulana.

Ugonjwa ulianzia kwenye kope la kushoto. Lilishuka Jumapili moja kanisani, na mchungaji akasema kuna wazee wanaolala neno la Mungu likihubiriwa. Sikuwa nimelala. Jicho moja ndilo lililolala. Baadaye nikaanza kuona vitu viwiliviwili. Siku moja, barabarani Batsinda, niliita pikipiki, moto kama tuziitavyo hapa, nikaona zimekuja mbili, nikasimama nikichagua.

"Muzee, panda," dereva akasema. "Moto iko moja tu."

Nilipomwambia Josiane kwamba naona wake wawili, alijibu, "Mmoja tu amekushinda." Daktari wa macho alinipa miwani. Ilikuwa miwani nzuri sana. Sasa niliviona vitu vyote viwili vizuri.

Kisha mzaha ukaisha. Taya lilichoka katikati ya chakula, nikawa nalishikilia kwa mkono ili nimalizie kutafuna. Chai ilipita puani. Mikono ilishindwa kuchana nywele, ingawa nywele zenyewe si nyingi. Na sauti: nilianza sentensi kama mimi, nikaimaliza kama mtu aliyebanwa pua kwa kibanio cha nguo. Asubuhi nilikuwa na nafuu, jioni nilikuwa gunia.

Daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke mtulivu anayeitwa Aline, aliniambia nitazame dari. Kope likashuka taratibu kama pazia la duka. Akapima damu, akaniambia nina miastenia.

"Kinga ya mwili wako inashambulia mahali mshipa unapokutana na msuli," alisema. "Unaijua irondo?"

Nani asiyeijua? Ni walinzi wa usiku wa mtaa.

"Sasa fikiria irondo imeacha wezi, inamkamata mwenye nyumba kila anapotaka kuingia kwake."

Vidonge alivyonipa vilinisaidia, lakini vilipoisha nguvu nami niliisha. Ndipo daktari akanieleza kuhusu utafiti wa dawa mpya, sindano ya tumboni. Wagonjwa wengine wangepewa dawa, wengine maji ya chumvi, na vidonge vyetu vya kawaida tungeendelea navyo sote. Baada ya sehemu ya kwanza, kila mtu angepewa dawa yenyewe.

"Mimi nitapewa ipi?"

"Hutajua. Mimi pia sitajua. Nesi naye hatajua."

"Sasa nani anajua?"

"Kompyuta."

Nilirudi nyumbani kuomba ushauri. Shangazi Mwamini alikuja kutoka Kimisagara na fungu la majani ya umuravumba na msimamo uliokwisha kukomaa.

"Wanataka kukufanya panya," alisema.

"Shangazi, panya haulizwi. Mimi nimeulizwa, nimesomewa kila hatari, na naweza kujitoa siku yoyote."

"Panya msomi, basi," akasema, na kunikabidhi majani. Utafiti ulikataza dawa za kienyeji, kwa hiyo umuravumba aliunywa yeye mwenyewe. Mafua yake yakapona, na hadi leo anatukumbusha.

Kila nilipokwenda kliniki, nesi Béata alinipima. Niinue mikono. Ninywe maji. Nipulize mrija. Halafu nihesabu kwa sauti mpaka hamsini, naye asikilize ni wapi sauti itaharibika. Mimi, niliyewahi kuongea mchana kutwa bila kumeza mate, nilianza kukwama kabla ya thelathini.

Lakini baada ya sindano za mwanzo nilijitangaza kuwa nimepewa dawa. Niliisikia ikitembea. Nilimweleza Josiane ilipofika: begani, shingoni, inapanda. Alinipikia mahindi ya kuchemsha ili tuihakikishe. Nilitafuna mistari miwili, kisha nikaliangalia hindi lile kama mtu anayeangalia mlima.

Posa ya Uwase ikakaribia. Nilimnong'oneza Béata kwamba siku hiyo nafikiria kuongeza vidonge kidogo.

"Mzee, vikizidi vinaweza kukulegeza zaidi, hata kukuzibia pumzi," alisema. "Na ukifanya ujanja, tutakuwa tunapima ujanja wako, siyo dawa."

Sikuongeza. Nilimwambia Uwase atafute msemaji mwingine.

"Nani atamtaja baba yangu?" aliuliza. "Hao wengine hawakumjua." Nikakubali kusema mwenyewe. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe: mwishoni msemaji humtaja binti na baba yake, akamtoa. Nilichotaka ni hilo jina tu, litoke mdomoni mwangu likiwa jina, lisiwe mlio wa puani.

Siku ikafika. Nilikaa hemani na mkongojo wa heshima. Msemaji wa upande wa pili, mzee Karekezi, alisalimia kwa madoido. Nikamuuliza, "Mmepotea njia, au mmefuata nini?" Nikaendelea kidogo, nikaisikia sauti ikipanda puani. Nikaacha.

Nikashika kidevu, kwa sababu taya lilikuwa linaanguka. Kope la kushoto likashuka. Nikamtazama Karekezi kwa jicho moja.

Yeye akadhani nimekasirika.

"Kama kuna neno limewaudhi, tunaomba radhi," alisema. Sikujibu. Akaomba radhi kwa kuchelewa. Sikujibu. Akaomba radhi kwa jambo ambalo babu wa bwana harusi aliwahi kufanya, ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Bwana harusi alikuwa analowa jasho. Wageni wa upande wetu walianza kupigana viwiko: huyu mzee leo ni hatari.

Pazia la mlango likafunguka. Uwase, ambaye hatakiwi kuonekana kabla ya kutolewa, alitoka mbio na mshanana wake, vazi letu la sherehe, hadi kwenye kiti changu.

"Baba mdogo, unapumua?"

"Napumua," nilinong'ona. "Rudi ndani, ng'ombe wanaongezeka."

Kweli, Karekezi alipoona binti ametoka na kurudi ndani akicheka, alidhani nimemwamuru asikubali. Akaongeza ng'ombe mwingine.

Na muda wote huo misuli ilikuwa imepumzika. Nilisimama. "Tumewapa," nilisema, na sauti ikatoka safi, "Uwase, binti wa Emmanuel." Nikakaa kabla haijabadilika. Nilimwona Josiane akifuta macho yake yote manne.

Sehemu ya kwanza ya utafiti ilipoisha, nikaanza kupewa dawa yenyewe. Haikunitembelea begani wala shingoni. Sikuisikia kabisa. Ila jioni moja nilimaliza mishikaki ya mbuzi ndipo nikakumbuka kuwa sikushika taya. Pikipiki zikarudi kuwa moja. Kliniki nilifika hamsini, nikaendelea, mpaka Béata akasema, "Inatosha, Mzee, kuna wengine." Utafiti wote ulipofungwa, tukaambiwa nani alipewa nini. Zile sindano zangu za mwanzo zilikuwa maji ya chumvi.

Ugonjwa haujahama, umekaa kwenye kona, na mimi nauchunga. Namshukuru Mungu, madaktari wangu, na wale wenzangu nisiowajua waliokubali kuchomwa maji kama mimi ili ukweli ujulikane. Wewe ambaye kope lako hupanda asubuhi na kushuka jioni, usikimbilie miwani, tafuta daktari. Ukiombwa kuingia kwenye utafiti, uliza kila kitu, kisha useme ukweli kila unapopimwa. Na ukishindwa kumeza au kupumua, usisubiri kesho.

Juzi jirani alikuja kuniomba niwe msemaji wa binti yake. Nilimwambia kwa furaha kwamba sauti yangu imerudi yote.

Akakuna kichwa. "Tunamshukuru Mungu, Mzee," alisema. "Lakini siku hiyo, huwezi kunyamaza kidogo?"